Ualbino umetoka upande gani? Uchambuzi wa kisa cha familia moja

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Kimeundwa ili kukusanya mahali pamoja maswali yanayoulizwa mara nyingi kuhusu urithi wa ualbino, na hakimhusu mtu yeyote anayejulikana. Mume na mke, wote wawili wenye ngozi nyeusi na nywele nyeusi, wasio na uhusiano wa damu kati yao, wana watoto wawili. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 4 aliyezaliwa na ualbino: ngozi yake ni nyeupe, nywele zake zina rangi ya manjano hafifu, macho yake huchezacheza bila yeye kukusudia, naye huyafumba nusu kila anapotoka juani. Wa pili ni msichana wa mwaka mmoja na nusu, ambaye rangi yake ni ya wazazi wake. Sasa wazazi wanatamani mtoto wa tatu, na kabla ya kuamua wanataka kujua uwezekano wa mtoto huyo naye kuzaliwa na ualbino.

Swali hilo halikuja peke yake. Tangu mvulana alipozaliwa, mama yake mume amekuwa akirudia kwamba katika ukoo wao hajawahi kuzaliwa mtu mwenye ualbino, na maana ya kauli hiyo inaeleweka hata isipotamkwa: mwenye kuulizwa ni mkwe. Mume hakumlaumu mkewe, lakini pia hakumtetea, na kimya chake kimemuumiza mwanamke huyu kuliko maneno ya mama mkwe. Jamaa mwingine, kwa nia njema kabisa, amewaambia kwamba kwa kuwa hali hii humpata mtoto 1 kati ya 4, na wao wameshampata huyo mmoja, basi watatu wanaofuata watakuwa na rangi ya kawaida. Zaidi ya hayo, dada yake mume ana mchumba na anakaribia kuolewa, naye ameuliza kwa faragha kama anapaswa kumwambia mchumba wake jambo lolote.

Ukiyatazama maswali haya pamoja, utaona kwamba karibu yote yameulizwa kana kwamba uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni mali ya mtu mmoja: ni wa mke, au ni wa ukoo wa mume, au ni wa dada mtu. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Katika aina za ualbino zinazogusa ngozi, nywele na macho kwa pamoja, uwezekano ni wa watu wawili wanaozaa pamoja, na tena ni wa ujauzito mmoja kwa wakati wake. Mtu yule yule anaweza kuwa na uwezekano wa sifuri akiwa na mwenzi mmoja na wa nusu kwa nusu akiwa na mwenzi mwingine. Kwa hiyo kila swali la kisa hiki litajibiwa kwa kuuliza kwanza: nani na nani?

Tuanze na kinachorithiwa. Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa ndani ya seli ziitwazo melanositi. Mtu mwenye ualbino anazo seli hizo, na idadi yake haipungui ile ya mtu mwingine yeyote. Ila kazi ya kutengeneza rangi ndani yake imekwama kabisa au inakwenda kwa kiwango kidogo sana. Kazi hiyo huanzishwa na kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, na maelekezo ya kukitengeneza yamo katika jeni iitwayo TYR iliyopo kwenye kromosomu ya 11. Jeni nyingine, OCA2, iliyopo kwenye kromosomu ya 15, hutoa protini inayosaidia kuweka mazingira yanayofaa ndani ya vifuko ambamo melanini hutengenezwa, kwa kuwa tairosinasi haifanyi kazi vizuri mahali penye asidi nyingi. Zipo jeni nyingine kadhaa katika mnyororo huo, na hitilafu katika yoyote kati yake inaweza kuleta ualbino. Mvulana wetu, kwa kuwa nywele zake zina rangi ya manjano badala ya kuwa nyeupe pe, yaelekea ana ualbino wa aina ya pili, yaani ule wa jeni ya OCA2, ambao ndio unaoongoza barani Afrika kusini mwa Sahara. Nasema yaelekea, kwa sababu aina hizi hufanana mno kwa macho, na daktari mwangalifu hataapa kwa kutazama nywele peke yake.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizi, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Nakala moja iliyo nzima inatosha kuendesha kazi ya kutengeneza rangi, na ndiyo maana mtu mwenye nakala moja nzima na moja yenye hitilafu haonyeshi dalili yoyote. Mtu huyu huitwa mbebaji. Ngozi yake haipaukii kwa sababu hiyo, macho yake hayachezi, na hakuna alama ya mwili inayoweza kumtofautisha na jirani yake. Ualbino hujitokeza pale tu mtoto anapopokea nakala yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine yenye hitilafu katika jeni hiyo hiyo kutoka kwa mama. Jeni ya namna hii tutaiita fichu, maana hujificha nyuma ya mwenzake iliyo nzima.

Kutokana na hayo, kauli ya mama mkwe inajibika kwa uhakika unaokaribia kuwa kamili. Mvulana ana nakala mbili zenye hitilafu. Moja ilitoka kwa mama yake na nyingine ilitoka kwa baba yake. Ualbino huu umetoka pande zote mbili kwa kipimo sawa. Na kwa kuwa baba wa mtoto ni mbebaji, naye alipokea nakala hiyo kutoka kwa mmoja wa wazazi wake, hivyo ama mama mkwe mwenyewe au mume wake ni mbebaji pia. Hali ambayo nakala yenye hitilafu huzuka upya kwa mtoto bila mzazi kuwa nayo inawezekana kibiolojia, lakini ni nadra kiasi kwamba haipaswi kuwa maelezo ya kwanza. Naona ni muhimu jibu hili litolewe mbele ya mume na mama yake, na litolewe na mtaalamu, kwa sababu mwanamke aliyelaumiwa kwa miaka 4 hatakiwi tena kubeba mzigo wa kujitetea kwa maneno ya kisayansi. Wala hakuna alichokifanya, alichokitazama au alichokiwaza wakati wa ujauzito kilichosababisha hali hii. Mambo yote yalikwisha kuamuliwa yai na mbegu vilipokutana.

Lakini mama mkwe hakusema uongo. Inawezekana kabisa kwamba katika ukoo wao, kadiri kumbukumbu inavyorudi nyuma, hajazaliwa mtu mwenye ualbino, na jeni fichu huenda kwa namna hiyo hasa. Hapa inafaa kutumia takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 kuhusu watu weusi wa Afrika Kusini ulikadiria kwamba mtu 1 kati ya 3,900 alikuwa na ualbino. Njia ya kutoka kwenye tarakimu hiyo hadi idadi ya wabebaji ilielezwa mwaka 1908 na watu wawili, kila mmoja kivyake: Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, na Weinberg, daktari wa Ujerumani. Ikiwa mtu 1 kati ya 3,900 amepata nakala mbili zenye hitilafu, basi nakala zenye hitilafu ni takriban 1 katika kila nakala 62, kwa sababu 62 ikizidishwa kwa yenyewe inakaribia 3,900. Kila mtu ana nakala mbili, kwa hiyo wabebaji ni takriban mtu 1 kati ya 32. Katika darasa la watoto 32, kwa wastani, ameketi mbebaji mmoja asiyejijua. Hata mahali ambapo ualbino ni nadra zaidi, kwa mfano mtu 1 kati ya 20,000, wabebaji bado ni karibu mtu 1 kati ya 70.

Sasa mchukue mbebaji mmoja aliyeoa au kuolewa bila kujua chochote. Uwezekano wa mwenzi wake kuwa mbebaji ni 1 kati ya 32, na hata wakikutana wabebaji wawili, kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 4. Kwa hiyo kwa kila mtoto wa mbebaji huyu ni 1 kati ya 128. Nusu ya watoto wake watarithi nakala hiyo na kuipeleka mbele kimyakimya, na nusu ya watoto wa hao vivyo hivyo, kwa vizazi na vizazi, pasipo mtu yeyote kuona kitu. Ukoo usio na mtu mwenye ualbino anayekumbukwa ndio ukoo wa kawaida wa mbebaji. Kusema "kwetu hakuna" ni kutoa habari za waliozaliwa, na si habari za kilichobebwa.

Tugeukie mtoto wa tatu. Mtoto wa kwanza amekwisha kuthibitisha kwamba wazazi wote wawili ni wabebaji, na hivyo nani na nani tunawajua: mbebaji na mbebaji. Mama anapotoa yai, ama anatoa nakala nzima au anatoa yenye hitilafu, na nusu ya mayai ni ya huku, nusu ya kule. Mbegu za baba nazo ni hivyo hivyo. Muunganiko una njia 4 zilizo sawa kwa uzito. Katika njia moja mtoto hupata nakala mbili nzima, hana ualbino wala si mbebaji. Katika njia mbili hupata moja nzima na moja yenye hitilafu, naye ni mbebaji kama wazazi wake. Katika njia moja hupata mbili zenye hitilafu na huzaliwa na ualbino. Ndipo inapotoka ile 1 kati ya 4, au asilimia 25, na haina ubaguzi wa jinsia: mvulana na msichana wana uwezekano ule ule.

Jamaa aliyewaambia kwamba zamu yao imekwisha alikosea mahali ambapo hata watu wenye elimu kubwa hukosea. Uwezekano huu hauna kumbukumbu. Yai litakaloshika mimba ya tatu halijui kilichotokea katika mimba ya kwanza, kama vile sarafu inayorushwa haijui ilianguka upande gani mara iliyopita. Mtoto wa tatu ana uwezekano wa 1 kati ya 4, na kama wangekuwa tayari na watoto watano wenye ualbino, au watano wasio nao baada ya huyo wa kwanza, anayefuata angekuwa na 1 kati ya 4 ile ile. Kosa hili lina madhara, kwani wazazi wanaolishika huzaa wakiwa na ahadi ambayo haikutolewa na mtu yeyote, na mtoto wa pili mwenye ualbino akizaliwa huonekana kama laana au usaliti ilhali ni tokeo ambalo hesabu ililitaja tangu mwanzo.

Ili jambo hili lionekane vizuri, tufikirie familia 256 ambazo katika kila moja mume na mke ni wabebaji, na kila familia ina watoto 4. Kama mtoto 1 kati ya 4 ingekuwa zamu, kila familia ingekuwa na mmoja kamili. Hesabu inaonyesha kwamba kwa wastani familia 81 hazitakuwa na mtoto hata mmoja mwenye ualbino, 108 zitakuwa na mmoja, 54 zitakuwa na wawili, 12 zitakuwa na watatu, na moja itakuwa na wote wanne. Zile 81 hazitajua kamwe kwamba wazazi ni wabebaji. Ile moja itaitwa kwa majina mengi, na pengine wazazi wake watatengwa, ingawa kibiolojia hawatofautiani kwa lolote na wale wa familia 81. Kwa wazazi wetu, wakiamua kuzaa watoto wawili zaidi, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atakuwa na ualbino ni 7 kati ya 16, yaani karibu asilimia 44. Swali la mtoto mmoja na swali la watoto wawili yana majibu tofauti, na ni vyema mshauri aulize kwanza ni lipi wanaloliuliza.

Napendelea pia kwamba katika mazungumzo hayo neno "hatari" lisitumike. Mvulana wa miaka 4 yumo chumbani, au yumo chumba cha pili akisikia, na ukiwaambia wazazi wake kwamba wana hatari ya asilimia 25 ya kupata mwingine kama yeye, umemwambia na yeye jambo. Neno "uwezekano" linafanya kazi yote ya kisayansi inayohitajika. Vile vile inafaa kuutaja upande wa pili wa tarakimu hiyo hiyo, kwamba uwezekano wa mtoto kuzaliwa bila ualbino ni 3 kati ya 4, kwa kuwa watu husikia 1 kati ya 4 na 3 kati ya 4 kana kwamba ni habari mbili tofauti.

Msichana wa pili huleta hesabu ambayo wengi huikosea. Ukiuliza kama ni mbebaji, mtu atarudi kwenye zile njia 4, ataona kwamba mbili ni za wabebaji, na atajibu nusu. Jibu hilo lingekuwa sahihi kabla hajazaliwa. Sasa amezaliwa, tumemwona, na tunajua hana ualbino. Kwa hiyo ile njia moja ya nakala mbili zenye hitilafu imeondoka mezani. Zimebaki njia tatu, na kati ya hizo mbili ni za mbebaji. Uwezekano wake wa kuwa mbebaji ni 2 kati ya 3, si 1 kati ya 2. Ni mfano mzuri wa jinsi taarifa mpya inavyobadilisha hesabu hata pale ambapo mwili wenyewe haujabadilika.

Wifi wa mama huyu, dada yake mume, yuko katika hali nyingine tena. Yeye si dada wa mtu mwenye ualbino. Ni dada wa mbebaji. Angalau mmoja wa wazazi wake ni mbebaji, na mzazi huyo alimpa nakala yenye hitilafu au hakumpa, hivyo uwezekano wake wa kuwa mbebaji ni 1 kati ya 2. Mchumba wake, ikiwa si ndugu na hakuna historia ya ualbino kwao, tunampa uwezekano wa jamii kwa ujumla, tuseme 1 kati ya 32. Ukizidisha nusu kwa 1 kati ya 32, kisha kwa 1 kati ya 4, unapata 1 kati ya 256 kwa kila ujauzito. Hiyo ni tarakimu ndogo, na anapaswa kuisikia kabla ya kuanza kuogopa. Kama mchumba angekuwa binamu yake wa kwanza, mambo yangebadilika: kama yeye ni mbebaji, binamu ana uwezekano wa 1 kati ya 8 wa kushiriki nakala ile ile waliyoachiwa na babu au bibi mmoja, na tokeo lingekuwa angalau 1 kati ya 64, yaani mara nne ya lile la kwanza. Ndoa ya ndugu haiumbi jeni yenye hitilafu; inachofanya ni kuzidisha uwezekano wa nakala mbili zilizotoka kwa mtu mmoja kukutana tena. Kuhusu kumwambia mchumba wake, uamuzi ni wake, lakini nadhani ukweli wenye tarakimu ya 1 kati ya 256 ni mwepisi kuubeba kuliko siri.

Siku moja mvulana mwenyewe atauliza kuhusu watoto wake, na kuna watu wazima ambao hawakuwahi kujibiwa swali hilo ipasavyo. Yeye ana nakala mbili zenye hitilafu, kwa hiyo kila mtoto wake atapokea moja, bila kukosa. Kila kitu kingine kinategemea mke. Akimwoa mwanamke asiye mbebaji, hakuna mtoto wao atakayezaliwa na ualbino, na wote watakuwa wabebaji. Akimwoa mbebaji, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Familia ya namna hii, baba akiwa na ualbino na baadhi ya watoto wakiwa nao, ndiyo huwafanya watu waamini kwamba hali hii hupita moja kwa moja kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Kwa mwanamke ambaye hali yake haijulikani, uwezekano ni nusu ya 1 kati ya 32, yaani 1 kati ya 64, au asilimia moja na nusu hivi. Imani iliyoenea kwamba mtu mwenye ualbino lazima azae watoto wenye ualbino ni kinyume kabisa cha hali halisi.

Na akimwoa mwanamke ambaye naye ana ualbino? Hapa jibu la haraka ni kwamba watoto wote watakuwa nao, na ni sahihi iwapo jeni yenye hitilafu ni moja kwa wote wawili. Lakini kama yeye ana ualbino wa OCA2 na mke ana ule wa TYR, kila mtoto atapata kwa baba nakala nzima ya TYR na kwa mama nakala nzima ya OCA2, na rangi itatengenezwa kama kawaida. Mtoto atakuwa mbebaji wa aina zote mbili bila kuwa na ualbino hata kidogo. Jambo hili lilishuhudiwa kabla jeni zenyewe hazijajulikana: mwaka 1952 daktari wa macho wa Uingereza, Patrick Trevor-Roper, aliandika kuhusu mume na mke wote wenye ualbino ambao watoto wao walizaliwa na rangi ya kawaida, na kisa hicho kikawa ushahidi kwamba ualbino si hali moja. Unaweza kuwazia ni mashaka gani wazazi wa namna hiyo wangepata mahali ambapo hakuna wa kuwaeleza.

Upo ualbino unaofuata hesabu tofauti, na haufai kuchanganywa na huu. Ualbino wa macho peke yake, usiobadilisha sana ngozi na nywele, hutokana na jeni GPR143 iliyopo kwenye kromosomu ya X. Mwanamke mbebaji wa aina hiyo ana uwezekano wa nusu kwa kila mwana wa kiume kuwa nao na nusu kwa kila binti kuwa mbebaji; mwanamume aliye nao hawapi wanawe wa kiume, bali mabinti wake wote huwa wabebaji. Mvulana wetu si wa kundi hili, kwa kuwa ngozi na nywele zake zimeguswa. Daktari anapaswa pia kuuliza kama mtoto hutokwa na damu puani mara kwa mara, hupata michubuko bila kuumia, au huugua maambukizi makali yasiyokoma, maana ipo mikusanyiko ya dalili iliyo nadra, kama Hermansky-Pudlak na Chediak-Higashi, ambamo ualbino huambatana na matatizo ya damu au ya kinga ya mwili. Hizo nazo hurithiwa kwa jeni fichu, lakini ushauri wake ni mzito zaidi.

Kipimo cha jeni, pale kinapopatikana, kianzie kwa mvulana. Yeye ndiye mwenye hitilafu zote mbili, na zikishajulikana, kumpima mtu mwingine yeyote wa familia kunakuwa kutafuta kitu kinachojulikana mahali panapojulikana. Ukianza na shangazi yake, na maabara isione kitu, hutajua kama hana hitilafu au kama ana moja ambayo kipimo hakikuitafuta. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara kuna upungufu mmoja unaojirudia sana katika jeni ya OCA2, ambapo kipande cha jozi za besi (herufi ambazo jeni imeandikwa kwazo) karibu 2,700 kimetoweka, na maabara nyingi huanzia hapo. Hata hivyo hutokea kwamba hitilafu moja ikaonekana na ya pili isionekane, na jibu la namna hiyo lisigeuzwe kuwa tuhuma juu ya nani ni baba wa mtoto.

Hitilafu zote mbili zikijulikana, kuna njia za kupima kabla ya kuzaliwa, kwa sampuli ya kondo kati ya wiki ya 10 na ya 13 au kwa maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Kazi ya mshauri ni kueleza kwamba vipimo hivyo vipo na vina mipaka gani. Akisukuma uamuzi wowote amevuka kazi yake.

Tarakimu 1 kati ya 4, hata ikieleweka barabara, haisemi chochote kuhusu maisha ya mtoto atakayezaliwa. Ualbino haupunguzi akili. Unachobadilisha ni macho, kwa kuwa sehemu ya katikati ya retina haikomai ipasavyo na nyuzi nyingi zaidi ya kawaida za mishipa ya macho huvukia upande wa pili wa ubongo, na unabadilisha uwezo wa ngozi kujikinga na jua, hivi kwamba saratani ya ngozi huwa tishio la kweli asipokingwa tangu utotoni. Mvulana huyu anahitaji kupimwa macho mapema, kuketi mbele darasani, kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu, na kupakwa mafuta ya kinga ya jua kila siku. Wazazi wanaojua kufanya hayo kwa mtoto wa kwanza wanaitazama 1 kati ya 4 kwa macho mengine kabisa kuliko wale wanaoogopa kitu wasichokijua, na ningetaka mazungumzo ya uwezekano yafanyike baada ya mazungumzo ya matunzo, wala si kabla.

Kuhusu msichana, wazazi wameuliza kama apimwe sasa ili wajue iwapo ni mbebaji. Afya yake haitegemei jibu hilo. Mbebaji haumwi wala hahitaji kukingwa na kitu. Jibu litamhusu atakapofikia umri wa kuzaa, akiwa na mwenzi ambaye leo hakuna amjuaye, na kwa hiyo ni haki yake kuamua mwenyewe kama anataka kujua. Wanachoweza kumfanyia kwa sasa ni kuhifadhi karatasi ya majibu ya kaka yake mahali pasipopotea, kwa kuwa siku atakapotaka kupimwa, maabara itauliza kwanza hitilafu mbili za kaka yake zilikuwa zipi.